Waifai Dhaifu Nyumbani: Namna ya Kutambua Chanzo Kabla ya Kuongeza Gharama

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kaya nyingi zinazolipia huduma ya intaneti ya nyumbani hukutana na hali inayofanana. Sebuleni, karibu na ruta, video huonekana bila kukwama. Chumbani, hatua chache tu kutoka hapo, alama ya kusubiri huzunguka bila kikomo na mazungumzo ya simu za mtandaoni hukatika kila baada ya dakika mbili. Wengi huchukua hatua ya kununua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi wakiamini kuwa tatizo litakwisha. Mwezi unapoisha, gharama imepanda na chumba kile kimebaki vilevile.

Hali hiyo hutokea kwa sababu kifurushi huhusu kasi ya intaneti inayofika kwenye nyumba, ilhali waifai ni safari ya mwisho ya mita chache kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta au runinga. Safari hizo mbili zina matatizo tofauti na ufumbuzi tofauti. Kaya inayopokea megabiti 40 kwa sekunde mlangoni, huku kuta zikiruhusu megabiti 5 tu kufika chumbani, haitanufaika na lolote chumbani humo kwa kulipia megabiti 80.

Suala hili lina uzito kwa kuwa huduma nyingi za umma sasa hutolewa kwa njia ya mtandao. Mwanafunzi huwasilisha maombi yake kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) mtandaoni. Mjasiriamali husajili jina la biashara kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) bila kufunga safari. Mtafuta ajira hutuma nyaraka zake kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mtandao ukikatika wakati nyaraka zinapakiwa, siku ya mwisho ya kupokea maombi, hasara yake haipimwi kwa shilingi za kifurushi pekee.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya waifai hutatuliwa bila kununua kifaa chochote, ilimradi chanzo kijulikane kwanza.

Vipimo vitatu vya kutenganisha chanzo

Kabla ya kuhamisha ruta au kumwita fundi, mtumiaji anashauriwa kufanya vipimo vitatu vya kasi kwa kutumia tovuti au programu yoyote ya kupimia intaneti, na kuandika matokeo kwenye karatasi. Wakati wa kupima, vifaa vingine vyote vya nyumbani visiwe vinapakua au kutazama video.

Kipimo cha kwanza hufanywa kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta moja kwa moja kwa kebo ya mtandao. Kipimo cha pili hufanywa kwa waifai, mtumiaji akiwa umbali wa mita mbili hivi kutoka kwenye ruta bila ukuta katikati. Kipimo cha tatu hufanywa katika chumba chenye tatizo. Asiye na kompyuta yenye tundu la kebo anaweza kuanza na kipimo cha pili, ingawa jibu lake halitakuwa na uhakika uleule.

Iwapo kasi ya kebo ni ndogo kuliko iliyonunuliwa, tatizo liko nje ya waifai. Linaweza kuwa kwa mtoa huduma, kwenye kebo inayoingia ndani ya nyumba, au mbali zaidi ya hapo. Mei 12, 2024, kwa mfano, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, kuhamisha ruta kutoka kona moja hadi nyingine hakuwezi kusaidia.

Iwapo kasi ya kebo ni nzuri, na ya karibu na ruta ni nzuri, lakini ya chumbani ni mbaya, chanzo ni umbali, kuta au vitu vilivyo katikati. Iwapo kasi ya kebo ni nzuri lakini waifai ni mbaya hata mbele ya ruta yenyewe, kinachoshukiwa ni mwingiliano wa mawimbi, mpangilio usiofaa ndani ya ruta, au uchakavu wa kifaa kimojawapo.

Vipimo hivyo virudiwe asubuhi na tena kati ya saa 2 na saa 4 usiku, muda ambao majirani wengi wako nyumbani. Kasi ikishuka usiku hata kwa kebo, msongamano uko kwenye njia ya mtoa huduma. Ikishuka kwa waifai peke yake, msongamano uko hewani, baina ya ruta za mtaa huo.

Katika kusoma matokeo, ni vyema kuzingatia vipimo vyenyewe. Vifurushi hutangazwa kwa megabiti, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni sawa na megabiti 8. Kifurushi cha megabiti 40 kwa sekunde kinapopakua faili kwa megabaiti 5 kwa sekunde, kinafanya kazi yake ipasavyo na mteja hajapunjwa.

Waifai ni redio

Waifai hutumia mawimbi ya redio, kama zilivyo huduma za utangazaji na simu za mkononi. Kiwango cha kimataifa kinachoiongoza kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997 na taasisi ya wahandisi ya IEEE, na kimekuwa kikiboreshwa tangu wakati huo. Ruta nyingi za nyumbani hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Baadhi ya ruta mpya zina uwezo wa kutumia pia gigahezi 6.

Tofauti na mnara wa redio, ruta hurusha mawimbi kwa sehemu ndogo tu ya wati moja. Nguvu hiyo hupungua haraka kadiri mawimbi yanavyosambaa: mahali palipo wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopokelewa hubaki robo. Hesabu hiyo ni kabla ya ukuta wowote kuingia katikati.

Wataalamu hupima nguvu ya mawimbi kwa desibeli, na kwa waifai namba hiyo huwa hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo imara. Hasi 50 ni hali nzuri sana. Hasi 67 hutosha kwa mkutano wa video. Kuanzia hasi 70 kasi huanza kuyumba. Na hasi 80 hukatisha mawasiliano mara kwa mara. Kila desibeli 10 zinapopotea, nguvu hubaki sehemu moja ya kumi. Hivyo, chumba chenye hasi 80 hupokea nguvu iliyo ndogo mara elfu moja kuliko sebule yenye hasi 50. Zipo programu za bure za simu janja zinazoonesha namba hiyo, nayo humpa mtumiaji picha ya kweli kuliko vistari vinavyoonekana juu ya kioo cha simu.

Kuta, mabati na maji

Vifaa vya ujenzi havizuii mawimbi kwa kiwango kimoja. Mbao, dari la jipsamu na kioo cha kawaida hupunguza kidogo. Ukuta wa matofali ya saruji hupunguza zaidi, na ukuta wa zege lenye nondo hupunguza kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana ruta iliyowekwa chini katika nyumba ya ghorofa huweza kuhudumia vyumba vyote vya chini na kushindwa kupenya sakafu ya zege hadi chumba kilicho juu yake moja kwa moja.

Chuma na bati havipunguzi tu mawimbi, bali huyarudisha yalikotoka. Paa la bati halina athari kubwa kwa mtumiaji aliye ndani ya nyumba hiyohiyo, lakini duka lililojengwa kwa mabati uani, kontena lililogeuzwa kuwa ofisi, au stoo yenye mlango wa chuma huwa kama sanduku lililofungwa. Kioo cha kujitazamia nacho kina utando wa madini nyuma yake, hivyo kabati kubwa lenye kioo linaweza kuwa kizuizi kikubwa kuliko ukuta lilikoegemezwa.

Maji hunyonya mawimbi. Tangi la maji lililo kati ya nyumba kubwa na nyumba ya uani, au hodhi la samaki sebuleni, huweza kuleta kivuli cha mtandao upande wa pili. Hata miili ya watu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji, hupunguza mawimbi. Sebule iliyojaa wageni huwa na waifai dhaifu kuliko sebule tupu, mbali na wageni wenyewe kuitumia.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Katika nyumba za aina hiyo, ruta moja mara nyingi haitoshi hata kama ni ya gharama kubwa. Njia bora ni kupitisha kebo hadi chumba cha pili na kuweka kituo kingine cha waifai huko.

Njia ambayo mawimbi hupita nayo ina uzito wake. Mawimbi yanayokutana na ukuta uso kwa uso hupita unene wake tu, lakini yanayouvuka kwa mshazari hupita katika tofali kwa urefu mkubwa zaidi. Kusogeza ruta mita moja au mbili, ili itazamane na mlango wa ukumbini badala ya kona ya ukuta, kunaweza kubadilisha hali ya chumba kizima.

Mahali sahihi pa ruta

Ruta nyingi huwekwa pale kebo ilipoingilia: pembeni mwa sebule, nyuma ya runinga, au ndani ya kabati ili zisionekane. Kwa kuwa mawimbi huenea pande zote, ruta iliyo kwenye kona ya nyumba hupeleka sehemu kubwa ya nguvu yake barabarani na kwa jirani.

Inashauriwa ruta iwekwe karibu na katikati ya eneo linalotumika zaidi, mahali pa wazi, kwa kimo cha mita 1 hadi 2 kutoka sakafuni, mbali na runinga, jokofu, king'amuzi na milango ya chuma. Antena zinazoonekana nje hurusha mawimbi kwa nguvu zaidi kupitia ubavuni mwake kuliko kupitia nchani. Kwa nyumba isiyo na ghorofa, antena zisimamishwe wima. Kwa nyumba ya ghorofa, moja inaweza kusimamishwa na nyingine kulazwa ili ihudumie juu na chini.

Wateja wa faiba huogopa kuhamisha ruta kwa sababu kebo yake ni ya nyuzi za kioo na haipaswi kukunjwa kwa kona kali. Hofu hiyo ina msingi. Njia salama ni kuacha kifaa cha kupokelea faiba mahali pake, kisha kuvuta kebo ya kawaida ya mtandao, ambayo huweza kufika hadi mita 100, kutoka hapo hadi katikati ya nyumba itakapokaa ruta. Pale ambapo kifaa cha kupokelea faiba na ruta ni kitu kimoja, mteja amwombe fundi wa mtoa huduma afanye kazi hiyo, na ni rahisi zaidi kuiomba siku ya kufungiwa huduma kuliko miezi sita baadaye.

Mwingiliano wa mawimbi

Mtumiaji anaweza kuwa na mawimbi imara na bado akapata mtandao wa kusuasua. Hapo tatizo si nguvu bali ni kelele: mawimbi mengine yanatumia nafasi ileile hewani.

Kelele ya aina ya kwanza hutoka kwenye vifaa visivyo vya waifai. Jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, ndani kabisa ya eneo la waifai ya gigahezi 2.4, na kiasi kidogo cha mawimbi yake huvuja likiwa limewashwa. Vifaa vya bluututhi, baadhi ya kamera za ulinzi zisizo na waya na baadhi ya simu za mezani zisizo na waya hutumia eneo hilohilo. Diski na nyaya za USB 3 zilizochomekwa kwenye ruta au kompyuta nazo huweza kutoa kelele inayogusa masafa hayo. Namna ya kuthibitisha ni rahisi: kifaa kinachoshukiwa kizimwe, kasi ipimwe, kisha kiwashwe na kasi ipimwe tena.

Kelele ya aina ya pili, ambayo ni kubwa zaidi mijini, hutoka kwenye ruta za majirani. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia ndogo ziitwazo chaneli, na katika nchi nyingi chaneli 1 hadi 13 ndizo zinazotumika. Umbali kati ya chaneli moja na inayofuata ni megahezi 5 tu, ilhali ruta moja huhitaji upana wa takriban megahezi 20. Kwa hiyo, ruta iliyo kwenye chaneli 3 huingilia chaneli 1 na pia chaneli 6. Chaneli ambazo kwa desturi hutumika pamoja bila kuingiliana ni tatu: 1, 6 na 11.

Utaratibu huu hufanana na mkutano wa kijiji. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu ya kusema; zikiwa nyingi, kila moja husubiri zaidi, lakini maneno hufika. Ruta iliyo kwenye chaneli ya katikati haishiriki mkutano huo wala haiko mbali nao. Ni sawa na mtu anayepiga kelele nje ya dirisha. Wenzake hawaelewi asemacho na hawawezi kumpa zamu, nao hulazimika kurudia maneno yao. Hivyo, kuhamia chaneli 3 au 8 kwa kuwa haina mtu mara nyingi huongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Ili kubadilisha chaneli, mtumiaji hufungua kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta na kuandika anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Baada ya kuingiza jina na nywila ya msimamizi, hutafuta sehemu ya waifai, huchagua chaneli na kuhifadhi. Programu za kuchambua waifai kwenye simu za Android huonesha majirani walio katika kila chaneli. Ichaguliwe kati ya 1, 6 na 11 ile ambayo majirani wake husikika kwa udhaifu zaidi. Upana wa chaneli katika gigahezi 2.4 ubaki megahezi 20. Upana wa 40 huahidi kasi kubwa, lakini katika mtaa wenye ruta nyingi hukaribisha kelele maradufu.

Ruta nyingi zina uwezo wa kujichagulia chaneli, lakini baadhi hufanya hivyo wakati wa kuwashwa tu. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya kuzima ruta, kusubiri sekunde 30 na kuiwasha tena kulete nafuu.

Kuchagua kati ya 2.4 na 5

Masafa ya gigahezi 5 yana chaneli nyingi zaidi na kasi kubwa, na hayaguswi na jiko la maikrowevu. Upungufu wake ni kwamba hupenya kuta kwa shida zaidi. Kanuni ya jumla ni kutumia gigahezi 5 kwa vifaa vilivyo karibu na ruta na vinavyohitaji kasi, kama vile runinga na kompyuta ya mikutano, na kuacha gigahezi 2.4 kwa vifaa vilivyo mbali au visivyohitaji kasi, kama kamera ya getini. Vifaa vingi vya zamani huona gigahezi 2.4 pekee.

Ruta zinazotumia jina moja kwa masafa yote mawili huachia simu ijichagulie, na baadhi ya simu hung'ang'ania masafa yasiyofaa. Hilo likitokea, mtumiaji anaweza kutenganisha majina hayo katika mipangilio ya ruta ili achague mwenyewe.

Sehemu ya chaneli za gigahezi 5 hutumiwa pia na rada, zikiwamo baadhi ya rada za hali ya hewa duniani. Ruta zinazotumia chaneli hizo hutakiwa kusikiliza kwanza na kuondoka mara zinapohisi rada. Waifai ya gigahezi 5 ikitoweka ghafla na kurudi baada ya dakika moja au zaidi, hasa kwa wakazi wa jirani na viwanja vya ndege, kuchagua chaneli kati ya 36 na 48 huweza kumaliza usumbufu huo.

Jambo lingine linalosahaulika ni kwamba hewa ni ya pamoja. Simu ya zamani iliyo mbali, yenye mawimbi dhaifu, huchukua muda mrefu kupokea kiasi kidogo cha taarifa, na wakati huo wengine husubiri. Runinga na kompyuta zisizohamishwa zikiunganishwa kwa kebo, zenyewe hupata kasi ya uhakika na hewa hubaki kwa ajili ya simu.

Ruta zinazotumia laini ya simu

Kaya nyingi hutumia ruta zenye laini ya 4G au 5G. Ruta hizo hutegemea mawimbi mawili tofauti: ya mnara wa simu kuingia ndani, na ya waifai kwenda kwa watumiaji. Mawimbi ya mnara yakiwa dhaifu, waifai huonekana imara kwenye simu huku intaneti ikiwa haifiki. Kwa hiyo, mtumiaji aanze kwa kuitembeza ruta dirisha kwa dirisha huku akipima kasi karibu nayo, na kuiweka pale inapopokea mnara vizuri zaidi. Endapo mahali hapo ni mbali na vyumba, kebo na kituo cha pili cha waifai ndivyo vitakavyofidia umbali, si kuirudisha ruta mahali isipopata mnara.

Iwapo ni lazima kununua kifaa

Baada ya hatua hizo, zipo nyumba ambazo kweli zinahitaji kifaa cha ziada. Cha bei nafuu zaidi ni kirudishi cha waifai, ambacho hupokea mawimbi na kuyarusha upya. Makosa ya kawaida ni kukiweka ndani ya chumba kisicho na mtandao. Huko hupokea mawimbi dhaifu na kusambaza udhaifu huohuo. Kinapaswa kuwekwa katikati ya safari, mahali ambapo waifai bado ni nzuri. Kirudishi kinachopokea na kurusha kwa redio moja hupunguza kasi kwa takriban nusu.

Mfumo wa vituo kadhaa vinavyoshirikiana chini ya jina moja hufanya kazi vizuri zaidi, ingawa gharama yake ni kubwa. Ulio bora kuliko yote ni kituo cha pili kilichounganishwa na ruta kwa kebo, na hata ruta ya zamani inaweza kupangwa kufanya kazi hiyo. Kwa anayejenga, kupitisha bomba la kebo ya mtandao ukutani pamoja na nyaya za umeme kabla ya kupiga plasta ni gharama ndogo isiyolingana na usumbufu wa kutoboa zege baadaye.

Vifaa vinavyotumia mawimbi ya redio vinapaswa kuwa vimethibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mashine za kukuza mawimbi ya minara ya simu ni jambo tofauti na virudishi vya waifai, na hazipaswi kufungwa kiholela kwa sababu huweza kuvuruga mawasiliano ya mtaa mzima, zikiwamo simu za dharura.

Watumiaji wasioalikwa

Wakati mwingine mtandao hudhoofika kwa sababu unatumiwa na watu wengi kuliko mwenye nyumba anavyodhani. Ukurasa wa mipangilio ya ruta huonesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Orodha hiyo ikilinganishwa na vifaa vya familia, wageni hujulikana mara moja.

Hatua za kuchukua ni kubadilisha nywila ya waifai na ile ya msimamizi iliyokuja na ruta, kuchagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na kuachana na ulinzi wa zamani wa WEP ambao huvunjwa kwa urahisi. Wageni wa kawaida wafunguliwe mtandao wao wa pembeni wenye nywila yake. Kuingia kwenye mtandao wa mtu bila idhini ni jambo linaloguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Haki ya mteja

Vipimo vikionesha kuwa kasi ni ndogo hata kwa kebo, mteja anayo haki ya kulalamika. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inasimamia sekta hiyo, na TCRA, iliyoanzishwa mwaka 2003, ndiyo msimamizi wake. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe. Mteja aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko na kuitunza. Asiporidhika na majibu, anaweza kulifikisha TCRA, na pia lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano linalosimamia maslahi yao.

Lalamiko lenye nguvu ni lile lenye tarehe, saa na kasi iliyopimwa kwa kebo kwa siku kadhaa mfululizo. Swali la kwanza la mtoa huduma kwa kawaida huwa ni iwapo kipimo kilifanywa kwa waifai, na mteja mwenye karatasi ya vipimo vitatu huwa tayari na jibu.

Kwa muhtasari, wananchi wanahimizwa kufuata mpangilio huu: kupima kwa kebo na kwa waifai; kuzima na kuwasha ruta; kuihamishia mahali pa wazi karibu na katikati ya nyumba; kuchagua chaneli na masafa yanayofaa; kuunganisha kwa kebo vifaa visivyohama; na kukagua orodha ya watumiaji. Hatua hizo, kwa aliye na kebo tayari, hazina gharama. Kununua kifaa kipya au kifurushi kikubwa kufuate baada ya hapo, na anayefungiwa huduma mpya asisaini fomu ya fundi kabla ya kupima mtandao katika kila chumba atakachokitumia.